Ustadi wa Kufuta

Mkulima wa tumbaku wa Nyamilangano, makao makuu ya Halmashauri ya Ushetu, akipokea ujumbe wa malipo kwenye simu ya Android, maneno yale hunakiliwa mara kadhaa kabla hajayasoma. Kiini cha Linux kilichomo simuni, kama kilivyo kwenye seva nyingi duniani, huyatoa katika kumbukumbu yake na kuyakabidhi kwa programu. Ni kazi ndogo, lakini haikomi usiku wala mchana, na mafundi wa kiini hawajaacha kuihangaikia tangu Linus Torvalds aanzishe Linux mwaka 1991.

Upande wa kompyuta na seva zenye prosesa za Intel na AMD, kisa chake kinanivutia sana. Amri ya kunakili, rep movsb, ipo tangu prosesa ya 8086 ya mwaka 1978. Huipi ila mambo matatu: data iko wapi, iende wapi, ni baiti ngapi. Ila kwa miaka mingi ilikuwa nzito, na mafundi wakaikwepa. Wakaandika kwa asembli, amri moja moja, wakihamisha baiti 64 kila mzunguko, kisha wakiokota masalia mwishoni. Na kwa kuwa kila prosesa ina tabia yake, njia za kunakili data ya programu zikafika tatu, kiini kikichagua mojawapo kinapowaka.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Msimbo ule ulikuwa kazi ya mikono hodari, na ulistahili kuwepo. Kilichobadilika ni prosesa: Ivy Bridge ya mwaka 2012 iliharakisha amri ile kwa vipande vikubwa, na Ice Lake ya 2019 kwa vidogo pia.

Mwaka 2023 Torvalds mwenyewe alianza kuufuta msimbo ule, na toleo la 6.4 la Linux lenye mabadiliko hayo likatoka Juni mwaka huo. Penye prosesa mpya ikabaki rep movsb yenyewe, imeandikwa papo hapo; kwa zilizobaki, njia mbadala moja.

Tazama uzuri wake penye hitilafu. Programu inaweza kutoa anwani mbovu, unakili ukakatikia njiani, na kiini kinatakiwa kujua baiti ngapi hazikufika. Katika msimbo wa zamani, amri moja baada ya nyingine ilihitaji mlango wake wa dharura na hesabu yake ya masalia. Kwa rep movsb mlango ni mmoja. Rejista ya rcx, inayoshika idadi ya baiti zilizosalia, hupungua kadiri baiti zinavyohama, kwa hiyo kazi ikikatika, jibu limo humo tayari. Hakuna cha kukokotoa.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa dhahabu wanalijua jambo hili: hung'oi gogo linalokinga ukuta wa duara, yaani shimo la mgodi, mpaka ujue mwamba unajishikilia. Anayefuta msimbo naye hana budi kujua kwa nini uliwekwa, kupima kama sababu ile bado ipo, na kuwakumbuka wenye mashine za zamani. Kijana wa Kahama anayejifunza programu asisome mistari iliyoongezwa tu. Asome na iliyoondolewa, pamoja na maelezo ya aliyeiondoa, kwa kuwa humo ndimo fundi huonyesha ameielewa kazi ya waliomtangulia.