Kifaru Kisichojua Kunyamaza

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kutazama fani na maudhui. Sioni sababu ya kutotumia vipimo hivyo kwa vitu vya kuchezea watoto, maana navyo vimebuniwa na mtu na vina ujumbe, na hadhira yake ni changa mno kuweza kulalamika. Ninachokihakiki hapa ni kifaru cha plastiki kinachoendeshwa kwa rimoti, ambacho mpwa wangu aliletewa hapa Shinyanga kutoka Kariakoo. Zaidi nitaangalia jinsi kinavyowasha na kuzima taa, mlio wa bunduki na moshi.

Kwa sura hakina kasoro kubwa. Minyororo inazunguka sawasawa na kichwa chenye mzinga kinageuka. Lakini ukikisukuma kwenda mbele tu, taa zinawaka, bunduki inalia na moshi unatoka kwa mkupuo, kwa sababu nyaya zote zimeunganishwa na ule wa mota. Hakiwezi kutembea kimya. Mtoto amepewa usukani, hakupewa hiari.

Mambo yanaweza kuwa vinginevyo. Katika vifaru vya mfano vinavyoundwa kwa uangalifu, kipokezi kilichomo ndani hutoa mapigo ya umeme yapatayo 50 kwa sekunde, na kila pigo hudumu kati ya milisekunde 1 na 2. Saketi ndogo ya swichi hulipima pigo hilo: likirefuka kupita kiasi kilichowekwa, transista huruhusu umeme uende kwenye taa; likifupika, huukata. Fundi makini huweka vizingiti viwili, tuseme milisekunde 1.6 ya kuwasha na 1.4 ya kuzima, kwani penye kizingiti kimoja kidole kikitetemeka kidogo taa hupepesa ovyo. Tena hujiuliza mapema: mawasiliano yakikatika, itakuwaje? Mota isimame na moshi uzimike. Kifaa cha moshi kina waya wa joto unaovukiza mafuta. Mafuta yakikauka na umeme ungali unapita, waya huungua. Nacho hula betri ileile inayosukuma minyororo. Kwa hiyo kuzima ni sehemu ya ufundi sawa na kuwasha.

Tukija kwenye maudhui, jambo linakuwa zito. Jirani yangu mmoja alikuwa mgambo, akaenda Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Alikitazama kifaru kile kikizunguka uani huku kikifyatua bila kukoma, asiulize bei wala kilikotoka. Aliuliza kinanyamazishwaje. Nikamwonyesha kwamba hakuna njia ila kukisimamisha kabisa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Nadhani uhakiki wake ulikuwa mfupi na kamili kuliko huu wangu. Mchezo ambao kutembea na kupiga risasi ni tendo moja unamzoesha mtoto kuamini kwamba hakuna la kuchagua kati ya hayo mawili.

Watoto wa mtaani kwetu huunda malori ya waya yenye magurudumu ya ndala. Wajanja wao huongeza globu ya tochi, betri moja, na kipande cha bati la kopo kinachokunjwa mpaka kiguse waya. Sisemi lori hilo ni bora kwa kuwa ni la kwetu. Haliwezi kuongozwa kutoka mbali, na rimoti ina elimu yake. Nasema taa yake ina swichi yake, na honi yake ni mdomo wa mwenyewe, ambao huweza kufungwa.

Fundi redio mmoja alikifungua kifaru cha mpwa wangu, akatenganisha nyaya na kuweka vijiswichi vitatu tumboni. Si rimoti kamili, lakini sasa kinaweza kupita uani kimya, na mara nyingi mtoto mwenyewe hupenda kipite hivyo.

Mzazi atakayenunua kingine, kabla hajatoa fedha, amwombe muuzaji akiendeshe bila taa wala mlio. Kikishindwa, akirudishe mezani.