Musa katika Mchezo wa Kiyunani

Huulizwa mara kwa mara katika makanisa yetu ya Kilosa na Mikumi: Je, yafaa kulitia Neno la Mungu katika maigizo na ngoma, mambo ambayo wazee wetu waliyatumia kwa makusudi mengine? Wako wasemao heri kuyakataa yote. Wako wasemao yote ni halali. Swali hili si geni. Wayahudi wa kale walilikabili kabla yetu, nao wametuachia kazi ambayo twaweza kuipima.

Myahudi mmoja jina lake Ezekieli, siye yule nabii, alitunga kwa Kiyunani, yapata karne ya 2 kabla ya Kristo, mchezo juu ya Musa na kutoka kwa Waisraeli katika Misri. Alifuata tanzia, yaani michezo ya misiba ambayo Wayunani waliicheza katika sikukuu za mungu wao Dioniso. Imesalia mistari 269 tu, na mingi twaijua kwa kuwa Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliinakili.

Uzuri wa kwanza wa kazi hii ni kiasi. Bahari ya Shamu haiwezi kuletwa mbele ya watazamaji. Basi Ezekieli alifanya kama Aeschylus alivyofanya katika mchezo wake juu ya kushindwa kwa Waajemi: alimleta mjumbe. Mmisri aliyeokoka asimulia jinsi jeshi lilivyoangamia majini. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa, mwisho wa 2009 na Januari 2010, watu waliokuwa mbali waliyajua maji yale kwa vinywa vya walioyaona. Basi sisi twafahamu nguvu ya mjumbe. Kadhalika penye kijiti kiwakacho moto, Musa aisikia sauti ya Mungu, lakini aambiwa kwamba mwanadamu hawezi kuuona uso wake.

Lakini mahali pamoja naona mtunzi alizidi. Musa aota kiti cha enzi juu ya mlima Sinai. Aliyeketi ampa taji na fimbo, kisha aondoka kitini na kumpisha. Nyota nazo zampigia Musa magoti. Ndoto hii haimo katika kitabu cha Kutoka, nayo yamkweza mtumishi hata msikilizaji aweza kumsahau Bwana wake.

Klementi wa Iskanderia, yapata mwaka 200, alitumia vema zaidi mchezo wa Euripides juu ya Dioniso. Alimwita Tiresia, yule mwaguzi kipofu wa Thebe, auache uaguzi wake, aje kwenye mlima wa Mungu. Hakuficha alikoazima, alikigeuza alichoazima kimtumikie Kristo.

Basi, walimu wenzangu, tusiwanyime vijana wetu maigizo wala ngoma wakati wa Pasaka. Bali kabla ya kuwafundisha, tupime kila tendo na kila wimbo: watu watakaporudi nyumbani, watamsifu mchezaji, au watamkumbuka Bwana aliyesulibiwa?