Sekunde Saba na Nusu

Katika kazi zote za upelelezi, ninayoiheshimu kupita nyingine haihitaji bunduki, mbwa wala maabara. Ni kuketi na mtu aliyeona jambo baya, kumuuliza swali moja pana, kisha kumwachia aseme mpaka amalize. Wanaoiweza ni wachache, na ukiwatazama kwa mbali utadhani hawafanyi kitu.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ronald Fisher na wenzake walichapisha uchunguzi wa kanda ambazo wapelelezi wazoefu wa Florida, Marekani, walijirekodi wakihoji mashahidi na watu waliotendewa uhalifu. Kwa wastani, shahidi akishaanza kujibu, alikatizwa baada ya sekunde 7.5. Muda huo hautoshi hata kueleza ulikuwa umesimama wapi! Maswali yaliyompa nafasi ya kusimulia yalikuwa kama matatu tu kwa kila mahojiano. Mengine, 26 hivi, yalitaka jibu fupi. Alikuwa mrefu? Alivaa nini? Alishika nini mkononi? Siwaiti wazembe. Kila aliyewahi kumsaka mhalifu anajua kwamba kadiri dakika zinavyopita ndivyo anavyozidi kufika mbali. Lakini shahidi anayekatizwa kila mara huelewa upesi anachotakiwa: anafupisha majibu, anangoja aulizwe, na asichoulizwa anarudi nacho nyumbani. Baadaye inasemwa hakutoa ushirikiano. Alikuja nao, akakosa pa kuuweka.

Wakati huo Fisher na Edward Geiselman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa tayari wanajenga namna nyingine ya kuhoji, inayofuata jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Jambo huelekea kukumbukwa kupitia mazingira lilimotokea, hivyo mpelelezi humrudisha shahidi pale kwanza, bila kumharakisha: mwanga ulikuwaje, alikuwa ametoka wapi, moyoni alikuwa na nini, kulikuwa na kelele au harufu gani. Kisha humwomba aeleze yote, hata anayoyaona hayana maana. Anaweza pia kumwomba asimulie kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kipengele cha nne, cha kulitazama tukio kwa macho ya mtu mwingine aliyekuwepo, mimi sikipendi, na polisi wengi wa Uingereza hawakitumii kwa kuhofia shahidi ataanza kubuni. Katika jaribio la mwaka 1985, watu walioonyeshwa filamu za uhalifu walikumbuka kwa usahihi mambo kama 41 walipohojiwa hivi, na 29 walipohojiwa kwa mtindo wa kawaida, bila makosa kuongezeka. Miaka minne baadaye, wapelelezi wa unyang'anyi wa Miami waliofundishwa mbinu hii walipata taarifa zaidi kwa asilimia 47 kuliko walizokuwa wakipata kabla ya mafunzo.

Hata hivyo, takwimu hizo hazielezi sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kukabidhi usukani. Mpelelezi humwambia shahidi waziwazi: mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema na mimi nitasikiliza. Kwa mtu aliyezoea kutii na kutiiwa, huo ni unyenyekevu wa kujifunza kwa jasho. Kwetu ni mgumu zaidi. Raia anayeingia kituoni kuandikisha maelezo tayari amejiandaa kuitikia "ndiyo, afande". Na mara nyingi askari anaandika kwa mkono huku mtu anaongea. Msimuliaji anapunguza mwendo kuifuata kalamu, na ukurasa unapojaa, sentensi zilizomo ni za askari. Aliyebobea huiweka kalamu chini kwanza. Hadithi ikishasimuliwa nzima ndipo anaanza kuandika, akirudi kwa msimuliaji pale palipo na utata.

Anayachunga pia maneno yake mwenyewe. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Kati ya 50 walioulizwa mwendo wa magari "yalipopondana", 16 walisema, wiki moja baadaye, kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kuhusu magari "yalipogongana", waliosema hivyo walikuwa 7. Filamuni hapakuwa na kioo kilichovunjika. Ndiyo maana mhojaji mwangalifu hamtajii shahidi kisu kabla shahidi hajakitaja mwenyewe.

Yote haya yanakula muda, na vituo vyenye askari wachache na foleni ya watu mlangoni haviwezi kumpa kila shahidi saa nzima. Nalikubali hilo. Lakini mwanamke aliyeporwa jana usiku, ambaye mikono bado inamtetemeka, hana deni kwa polisi. Anatoa, na anayetoa anastahili kupewa kiti, maji na subira. Wala kazi haiishi anapoinuka kwenda zake. Kuna ambalo litamjia kesho akiwa jikoni au ndani ya daladala, pengine kovu, pengine jina lililoitwa kwa sauti. Mpelelezi hodari anamwambia mapema kwamba hilo hutokea, anamwachia namba ya simu, na baada ya siku chache anapiga yeye.