Sahihi ya Malkia na Kazi ya Mwandishi

Upenzi wa kukusanya sahihi za wafalme, picha walizozitia mkono na hati za kale husifiwa kuwa ni njia ya kuhifadhi historia. Sifa hiyo twaikubali nusu. Mkusanyaji wa namna hii mara nyingi hununua jina. Barua ikikatwa ili sahihi ibaki peke yake ndani ya fremu, yeye haoni hasara.

Sisi wa Kiswahili tunao mfano wa kuupimia upenzi huo. Barua za Malkia Fatima wa Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa huko Goa, India, iliyokuwa chini ya Wareno. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyosalia. Kama zingalikatwa na kubakizwa jina, tungalikuwa na jina la Kiarabu na Kiswahili chenyewe kingalipotea. Hali kadhalika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728: aliyeuagiza ni mfalme wa Pate, lakini darasani twamtaja Mwengo wa Athumani.

Anayetushughulisha zaidi ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga mbao na mwanamuziki, naye aliwanakilia tendi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Wapo wanaomlaumu kwamba aliuza urithi. Lawama hiyo hatuikubali: fundi hulipwa ujira wake, na pasipo kalamu yake tendi kadhaa tusingekuwa nazo leo. Kasoro tunayoiona ni ya upande wa pili, kwamba nakala hizo zilikwenda London na Ujerumani, na kijana wa Lamu akawa mgeni wa maandishi ya kwao. J. W. T. Allen alifanya vyema zaidi, kwa kuwa hati alizokusanya katika miaka ya 1960 aliziweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Hapa Juba, mji wa Wabari, majalada ya serikali ya Kusini yalikaa miaka kadhaa ndani ya hema baada ya mkataba wa amani wa 2005, yakiliwa na mchwa na unyevu. Baadaye yalihamishiwa katika jengo na kuanza kupigwa picha. Mengi hayana jina la kupandisha bei mnadani. Yanazungumzia kodi, mipaka na ng'ombe, mambo ambayo watu wangali wanayagombania.

Wanafunzi wetu, ambao wengine walikisikia Kiswahili kwanza Kakuma au Uganda, hawana mswada wa kale wa Kiswahili wa kuushika. Picha moja ya barua ya Kilwa yatosha kipindi kizima. Na wayasome maneno kwanza. Sahihi waitazame mwisho.