Sauti Moja kwa Wahusika Wote: Ufundi wa Muvi Zilizotafsiriwa

Ubishi wa muvi zilizotafsiriwa hauishi kijijini Bashay. Kuna wanaoapa kwamba mtafsiri Lufufu hana mpinzani, na kuna wanaompa taji mtafsiri mwenzake, DJ Mark. Siku hizi limeongezeka kundi la tatu, la waliozoea tamthilia za Kituruki na Kichina kwenye ving'amuzi, ambako kila mhusika ana sauti yake ya Kiswahili. Hao wanahoji: mtu mmoja atawasemeaje steringi, adui, mama mzazi na mtoto kwa sauti ile ile? Swali ni la haki, ila linapima kazi mbili kwa kipimo kimoja.

Tuanze na tamthilia. Mwaka 2011 TBC ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo inahitaji mikondo miwili ya sauti: mmoja wa maneno ya waigizaji, mwingine wa muziki, mvua, milango na nyayo. Ule wa maneno unawekwa kando, waigizaji wapya wanarekodi Kiswahili huku wakifuata midomo kwenye picha, kisha mikondo inaunganishwa. Ndiyo maana maneno yanabadilika lakini mvua inabaki ile ile.

Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, hakuwa na anasa hiyo. Wala hawanayo wenzake wa fani hii nje ya mipaka, DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo anayetafsiri kwa Kiganda. Mtafsiri anapokea filamu iliyokwisha kukamilika, sauti zote zimefungwa pamoja. Ana maikrofoni na mashine ya kuchanganya sauti, basi. Akishusha maneno ya mwigizaji, anashusha na risasi. Akiziacha risasi zilie, maneno yake mwenyewe yanamezwa. Ufundi wote unaanzia hapo, kwenye kuamua lini apandishe na lini ashushe.

Sikiliza pambano moja kwa makini. Mtafsiri mzuri ananyamaza ngumi zinapoanza, anaipandisha sauti ya filamu mpaka banda la video linatetemeka. Pigo la mwisho likishatua, anashusha na kuingia kabla aliyeanguka hajafungua mdomo. Akichelewa kidogo tu, maneno yake yanaangukia kwenye jibu la mtu mwingine, na mtazamaji hajui tena nani kasema nini.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la sauti moja. Kwa kuwa sauti ya asili haikufutwa, kilio cha mama bado kinasikika chini ya Kiswahili. Mwigizaji anatoa uchungu, mtafsiri anatoa maana. Mtafsiri akianza kulia naye, anamfunika aliyelia kweli. Huko Poland, televisheni zimetumia kwa miongo mingi msomaji mmoja anayesoma maneno ya wahusika wote juu ya sauti ya asili, tena kwa utulivu bila kuigiza. Tofauti ni kwamba msomaji wa Poland hujificha, wakati mtafsiri wetu hujitokeza na kusimulia.

Na kusimulia kuna faida yake. Chukua tukio la kawaida: mwanamume anaingia chumbani, anaokota picha mezani, anaitazama, hasemi kitu. Studio inayoingiza sauti itanyamaza, maana hakuna mdomo unaotembea. Mtafsiri ataingia: huyo pichani ni kaka yake aliyeuawa mwanzoni, na muuaji ndiye bosi wake wa sasa. Aliyechelewa bandani kwa sababu ya kukamua ng'ombe anawafikia wenzake papo hapo. Bashay, ambako nyumba nyingi huzungumza Kiiraqw, bibi anaweza kumtegemea mjukuu amweleze kinachoendelea. Mtafsiri anampa mjukuu huyo kisa kilichokwisha kupangwa. Tamthilia ya studio inamwachia mazungumzo ayaunganishe mwenyewe.

Kasoro zipo. Mtafsiri asiyeielewa lugha ya filamu hubuni. Mwingine huingiza utani katikati ya msiba na kuua tukio lote. Filamu nyingi pia zimetafsiriwa na kuuzwa bila idhini ya wenye mali, na sifa za ufundi hazilifuti deni hilo.

Msimamo wangu ni huu. Kisa cha mama mkwe na mkwe, kinachobebwa na majibizano ya haraka, kinahitaji sauti nyingi, na studio inashinda. Muvi ya mapigano, yenye ukimya mrefu na matukio ya mbio, ni uwanja wa mtafsiri. Kwa hiyo anayesema DJ Mark anamzidi Lufufu asitueleze nani ana sauti nzito. Atuwekee tukio lile lile, atuonyeshe nani aliingia kwa wakati, nani alijua kunyamaza, na nani alieleza bila kupotosha. Ubishi wa namna hiyo utawafundisha hata watafsiri wenyewe.