Sakafu Isiyosomwa: Terazo, Chokaa na Unyevu katika Nyumba za Visiwani

Mengi yameandikwa juu ya nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki, na aghalabu yameandikwa na watu waliotazama mbele au juu. Milango ya nakshi imepigwa picha, imehesabiwa na kuainishwa. Vidaka, baraza na roshani zimepata wahakiki wake. Hata Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaotajwa kila panapozungumzwa magofu ya Pate, humwonesha msomaji vidaka vya vyombo vya kauri vilivyogeuka malazi ya makinda ya ndege. Sakafu, ambayo ndiyo sehemu ya nyumba inayoguswa na mwili wa mtu kutwa kucha, imebaki bila ya kusomwa.

Upungufu huo si wa kitaaluma tu. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Sifa hiyo imewafanya wengi waitazame sura ya nyumba. Uamuzi juu ya sakafu umeachiwa fundi wa siku hiyo na muuza vigae. Matokeo yake ni kwamba terazo nyingi zimezikwa zingali nzima, na kuta zilizostahimili masika mengi zimeanza kumeguka kuanzia chini, wenyewe wakilaumu mvua, ilhali kosa limo sakafuni.

Neno lenyewe lina historia ya kuzingatiwa. Sakafu linatokana na Kiarabu saqf, yaani paa au dari. Kiswahili kililichukua na kulipa pande zote mbili: sakafu ni dari ya aliye chini na uwanja wa aliye juu. Terazo nalo, neno lililotoka Kiitaliano, lina unasaba na terrazza, sehemu ya wazi iliyoinuliwa kwenye nyumba. Iwe ni sadfa au la, lugha mbili zisizo na udugu zilikipa kitu kinachokanyagwa jina lililotoka juu. Na kwa hakika mafundi wa pande hizo mbili walikabiliwa na swali moja: vipi uso mgumu utakaa juu ya miti inayopinda, katika mji uliozungukwa na maji ya chumvi?

Venice ilijibu kwa chokaa. Mafundi wake, wengi wao wakitoka Friuli, walimwaga juu ya mbao tabaka la chokaa lililochanganywa na matofali na vigae vilivyopondwa, wakatawanya vipande vya marumaru, wakashindilia, wakasaga kwa mawe na kumalizia kwa mafuta ya mbegu za kitani. Chokaa hukamatana polepole na huvumilia mtikisiko mdogo. Nyumba inapotitia, sakafu huifuata badala ya kukatika vipande. Pwani ya Waswahili ilijibu vivyo hivyo kwa vifaa vyake: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe, kokoto, na chokaa iliyochomwa tanuuni. Kamusi za kale zimehifadhi kitenzi kupigilia, kazi ya watu wengi walioipiga sakafu kwa vipande vya mti, kwa mwendo wa nyimbo, mpaka ikashikana. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa hiyo ndio ulioamua mwendo wa maisha ndani yake.

Karne ya 20 ilibadilisha kiungo kikuu. Saruji ilichukua nafasi ya chokaa, mashine ya umeme ikachukua nafasi ya mkono, na terazo ikaenea katika shule, hospitali, ofisi na nyumba za watu wa kipato cha kati. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Mawe yanayosagwa Bamburi ni matumbawe ya kale, ndugu wa mawe yale yale yaliyochomwa kwa ajili ya chokaa. Kwa asili, basi, saruji si mgeni pwani. Ugeni wake umo katika tabia: ni ngumu, ni nzito, haipindi, na hupitisha unyevu kwa uchache kuliko chokaa.

Kwa upande wa fani, terazo ya saruji ina nidhamu inayofanana na ya tungo. Juu ya kitako cha mchanga na saruji chenye unene wa milimita 30 hadi 40, hutandazwa tabaka la milimita 10 hadi 15 la saruji na vipande vya marumaru, kwa kadiri ya sehemu moja ya saruji kwa sehemu mbili au mbili na nusu za marumaru. Mikanda myembamba ya shaba au ya kioo huigawa sakafu katika viwanja vidogo. Mtazamaji huidhani kuwa ni pambo, lakini kazi yake ni ile ya kituo katika ubeti: huamua mahali pa kukatikia, ili mvutano wa saruji inapokauka usijichagulie pake. Kisha huja kusaga, kuziba vitundu kwa uji wa saruji ya rangi ile ile, na kusaga tena. Uzuri wa terazo, kwa hiyo, haupakwi, hufichuliwa. Kigae cha kauri kina picha iliyopakwa usoni, na picha ikilika kigae kimekwisha. Terazo ikilika, huonesha marumaru nyingine.

Ndiyo maana kuna kejeli katika usemi wa siku hizi. Vigae vya kauri, ambavyo havina hata chembe ya marumaru, watu huviita marumaru. Na huvibandika juu ya terazo, iliyo na marumaru ya kweli, kwa madai kwamba imechakaa.

Maudhui ya sakafu ya visiwani ni unyevu, na unyevu una njia mbili. Wa kwanza hutoka hewani. Masika yanapoingia, hewa iliyojaa mvuke hugusa uso mzito na wa baridi, na sakafu hutoa jasho. Wa pili hupanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya zege na mawe, ukibeba chumvi ambayo hubaki juu kama unga mweupe maji yanapokauka. Tiba ya mmoja si tiba ya mwingine, lakini mafundi wengi huzichanganya. Kipimo chake ni chepesi: kipande cha nailoni hutandikwa juu ya sakafu kavu na kingo zake zote kubanwa kwa utepe kwa muda wa saa 24. Maji yakikaa juu ya nailoni, yametoka hewani. Yakikaa chini yake, yametoka ardhini.

Asiyefanya kipimo hicho huangukia mojawapo ya makosa mawili. La kwanza ni kufunika. Vigae na gundi yake ya saruji huifunga sakafu ya chini, na maji yaliyokuwa yakitoka kidogo kidogo kupitia uso mzima hutafuta njia nyingine. Katika nyumba ya matumbawe, njia hiyo ni ukuta. Chumvi hupanda, lipu ya chokaa hufumuka, niru huanguka vipande vipande. Mwenye nyumba hupaka lipu ya saruji kuficha doa, na doa hupanda juu zaidi mwaka unaofuata. La pili ni kung'arisha kwa vanishi au dawa za plastiki zinazotanda juu ya uso. Mng'ao huo hupendeza mpaka masika. Unyevu wa chini ukikosa pa kupitia, utando huvimba, hugeuka mweupe na kubanduka, na sakafu hubaki na mabaka ambayo hayakuwapo kabla ya ukarabati.

Ghorofani hatari ni ya aina nyingine. Kitako kipya na terazo yake, kwa unene wa sentimita 5, vina uzito wa karibu kilo 115 kwa kila mita ya mraba. Chumba chenye mita 3 kwa 6 huongezewa zaidi ya tani 2, juu ya chokaa nzito ya zamani, juu ya boriti ambazo ncha zake zimo ndani ya ukuta wenye unyevu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Sababu za jengo moja hazihamishiki kwa jengo jingine, lakini funzo moja ni la wote: nyumba kongwe haidumishwi kwa uzuri wa uso wake pekee. Kumwaga terazo mpya juu ya boriti bila ya kuzikagua ncha zake ni sawa na kuandika dibaji nzuri ya kitabu kilicholiwa na mchwa.

Ukarabati mwema una mwendo wa taratibu. Huanza kwa kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali. Ndimu, siki na dawa za chooni hazina nafasi, kwa kuwa asidi hula marumaru na saruji pamoja. Ufa huchunguzwa kabla ya kuzibwa, maana ufa unaoendelea kutembea utaipasua ziba yake. Palipovunjika hukatwa na kujazwa mchanganyiko uliojaribiwa kwanza pembeni, kwa vipande vya ukubwa na rangi ile ile, na kiraka huachwa kimeinuka kidogo ili kisagwe pamoja na jirani zake. Mchanga wa ufukweni haufai kwa kazi hii, kwani chumvi yake huvuta maji hewani kwa miaka mingi. Kiraka huwekwa majimaji kwa siku 7. Hapo unyevu wa kisiwa humsaidia fundi. Kusaga hufanywa kwa mawe yanayozidi kuwa laini, namba 80, 120, 220 hadi 400, na kuondoa kidogo iwezekanavyo, kwa sababu tabaka la milimita 10 halivumilii kusagwa kila msimu. Kumalizia ni kwa nta nyepesi au dawa inayozama ndani bila ya kutanda juu, na wiki kadhaa zipite kwanza, zaidi katika miezi ya mvua.

Palipo lazima kumwaga terazo mpya, ni wajibu kutofautisha nyumba na nyumba. Nyumba ya matofali ya saruji hunufaika kwa tabaka la kokoto tupu na nailoni nzito chini ya zege. Nailoni hiyo hiyo katika nyumba ya matumbawe huyasukuma maji ukutani. Huko inafaa kuacha ukanda wa chokaa kandokando ya kuta, ili unyevu upate pa kutokea. Anayeziandikia nyumba zote mbili dawa moja hajasoma hata moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya wapenda mambo ya kale. Kigae ni rahisi kununua, hubandikwa kwa siku mbili, na mama anayepiga deki kila asubuhi ana haki ya kupata sakafu isiyo na mashimo. Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, hesabu yake huishia siku ya kukabidhiwa kazi. Lipu inayobomoka, kigae kinachobanduka na ukuta unaopakwa upya kila mwaka havimo katika bei ya kwanza, na hulipwa na mama huyo huyo. Kadhalika, fundi asiyeitwa kusaga terazo hana cha kumrithisha mwanafunzi wake. Ujuzi hupotea kwa kukosa wateja kabla ya kukosa wajuzi.

Ipo haja, basi, kwa wahakiki wa majengo kushusha macho. Kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, sakafu iliyopo ipimwe, kona moja isafishwe na kusagwa kwa majaribio, na mwenye nyumba aioneshwe ikiwa imelowa na ikiwa kavu. Wengi wataamua vingine watakapoona kilichokuwa chini ya miaka ya uchafu na polishi. Na atakayeamua kufunika baada ya kuona, angalau atakuwa ameamua juu ya kitu alichokisoma.