Kitanda cha Tano, Kabla ya Eko

Bingwa wa magonjwa ya ndani anavuta stuli hadi kitanda cha tano na kuketi. Nyuma yake wamesimama kijana anayesomea ubingwa, madaktari tarajali wawili na sista mwenye mafaili. "Shikamoo daktari," anasema binti aliyeegemea mito. "Marahaba mwanangu. Haya, nieleze tangu mwanzo." Kisha ananyamaza, na wote wananyamaza naye.

Binti anahema akipanda ngazi. Anakohoa usiku. Duka la dawa la mtaani liliwahi kumuuzia dawa ya pumu, haikusaidia. Akishamaliza, daktari anaanza kuuliza, swali moja moja. Usiku unalalia mito mingapi? Mitatu. Huwa unaamka ghafla ukakaa kitako utafute hewa? Ndiyo. Ilizidi lini? Nilipobeba mimba ya pili. Na utotoni uliwahi kuvimba viungo, leo goti, baada ya siku mbili kifundo cha mguu? Hapo binti anamgeukia mama yake, na mama ndiye anayekumbuka: alikuwa na miaka tisa, baada ya kuugua mafindofindo.

Hakuna swali lililopotea hapo. Mtu anayehitaji mito mitatu huenda ana mapafu yanayojaa maji akilala chali. Mimba huongeza damu inayozunguka mwilini, na moyo wenye kasoro ambao ulikuwa ukijikongoja huweza kushindwa. Viungo vinavyovimba kwa kupokezana baada ya maambukizi ya koo ni dalili ya homa ya rumatiki, ambayo huweza kuharibu vali za moyo wa mtoto na kukaa kimya miaka mingi. Bingwa ameshaanza kuuona ugonjwa, lakini hasemi.

Ananawa, anasugua viganja vipate joto, anaanzia mbali na kifua. Anatazama kucha. Anashika mshipa wa kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima kwa saa yake. Wenye haraka huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne, na mapigo yasiyo na mpangilio hujificha humo. Anavuta kope ya chini aone wekundu wake. Anaomba kitanda kiinuliwe hadi nyuzi 45, anauelekeza uso wa binti upande, na kwa rula anapima urefu wa mshipa unaochezacheza shingoni. Ukizidi sentimita tatu hivi juu ya nundu ya mfupa wa kidari, damu inarudi nyuma. Anakandamiza mfupa wa muundi kwa dole gumba, anasubiri, anaondoa. Kishimo kinabaki.

Mgongoni analaza kidole cha kati cha kushoto kati ya mbavu na kukigonga kwa ncha ya kidole cha kati cha kulia. Kiwiko hakisogei, kazi yote inafanywa na kifundo cha mkono. Penye hewa panavuma, penye maji panatoa sauti butu. Kugonga kifua kuliandikwa na Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, mwaka 1761, na bado ni njia nyepesi ya kujua maji yameanzia ubavu upi.

Stetoskopu inafuata mwisho. Ilianza mwaka 1816 mjini Paris, daktari René Laennec alipoviringisha karatasi ili asikilize moyo wa mwanamke kijana bila kumwekea sikio kifuani. Bingwa huyu anamgeuza binti alalie ubavu wa kushoto, moyo usogee karibu na mbavu. "Toa pumzi mwanangu, ishikilie hapo." Anaweka upande wa kikombe, juujuu tu. Anasikiliza pigo la kwanza peke yake, kisha la pili, kisha nafasi iliyo baada yake. Nafasi hiyo ndiyo ngumu, maana ni lazima ulizuie sikio lisifuate mapigo.

Anampa nafasi kijana wa ubingwa. Kijana anakandamiza, anatikisa kichwa: hasikii kitu. Bingwa anamnyanyua kifundo cha mkono kidogo sana. Ukikandamiza, ngozi hukazika na sauti nzito hupotea. Kijana anatulia, na nyusi zinapanda. Amesikia muungurumo mfupi wa damu inayolazimika kupita kwenye vali iliyosinyaa, upande wa kushoto wa moyo.

Kijana huyu si mgeni kazini. Tanzania, udaktari ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo ya vitendo, ndipo ubingwa uongeze mingine, katika hospitali kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Atakayetaka ubobezi wa moyo, figo au ini ataendelea kusoma. Muda huo ni mrefu, na mimi sioni hata mwaka wa kupunguza, kwa sababu mnyanyuo ule wa kifundo cha mkono hauandikiki kitabuni. Unapokelewa kitandani, mkono kwa mkono, mgonjwa baada ya mgonjwa.

"Andika ulichosikia kabla hajaenda eko," bingwa anamwambia. Hakidharau kipimo, ni yeye aliyekiomba. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, itapima uwazi wa vali kwa sentimita za mraba na kuonyesha kama inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani. Lakini anataka kijana awe na jibu lake, ili picha ikimkosoa ajue wapi sikio lilikosea.

Kisha anamrudia binti, bado ameketi, na kumweleza kwa Kiswahili cha nyumbani: dawa ya kupunguza maji inaanza leo, pumu hana, na kuna sindano ya penisilini ya kila wiki nne ambayo hatakiwi kuikosa, hata akijisikia mzima. Anamwomba mama airudie tarehe ya sindano ya kwanza. Mama anaitaja. Anamwomba airudie tena.